Juu ya nini Mwezi hauanguki? Namna uvutano na mbio vinashikilia miezi, sayari na satelite

Jiwe likiachiliwa linaanguka. Avoka ikiiva inaanguka. Kifuniko cha sufuria kikiponyoka mu mikono kinaanguka. Lakini Mwezi, jiwe kubwa lenye upana wa kilometre karibu 3 475, uko juu ya vichwa vya watu tangu wakati wa mababu, na haujaanguka hata siku moja. Mangaribi, umeme ukikatika na anga ikiwa wazi, watoto njo wanaulizaka wazazi: "Kama kila kitu kinaangukaka, juu ya nini Mwezi haiangukake?"

Wakubwa wengi wanajibu kwamba kule juu nguvu ya kuvuta vitu inakwisha. Wengine, wenye walisoma kidogo fizike, wanasema kuna nguvu mbili zinazoshindana, moja inavuta ndani, ingine inavuta inje, na Mwezi unabaki katikati. Majibu hayo mawili si ya kweli. Jibu la kweli ni fupi, na linashangaza mutu mara ya kwanza: Mwezi unaanguka. Unaanguka kila segonde, usiku na mchana. Lakini unaenda kando kwa mbio sana, na kila mara unaikosa Dunia.

Habari hii si ya darasani tu. Kanuni yenye inashikilia Mwezi njo ileile inashikilia satelite za televizyo, za telefone, na zile zinazopima namna udongo wa Goma unasogea wakati Nyiragongo inakasirika. Kuielewa kunasaidia pia kutofautisha habari ya kweli na uvumi, wakati kitu fulani cha ajabu kinaonekana mu anga.

Chukudu mu kona

Kwa kuanza, tazama chukudu inayoshuka toka Kibumba kuelekea Goma, imebeba magunia ya viazi ao ya makala. Mwenye kuiendesha anajua mambo mawili kuliko mwalimu yeyote. Jambo la kwanza: chukudu ikiisha kushika mbio, haihitaji kusukumwa tena, kazi kubwa ni kuisimamisha. Jambo la pili: mu kona, chukudu haipendi kukata. Inataka kuendelea mbele moja kwa moja, na mutu anatumia nguvu ya mikono na ya mwili wote ili iiname na ifuate barabara. Asipotumia nguvu, inaishia mu mutaro.

Mambo hayo mawili njo sheria ya kwanza ya mwendo, yenye Mwingereza Isaac Newton aliandika mu kitabu chake cha 1687. Kitu chenye kinatembea kinaendelea kutembea kwa mustari ulionyooka na kwa mbio ileile, mpaka nguvu fulani ikibadilishe. Wanafunzi wa segondari wanaita tabia hiyo inersi.

Kwenye barabara, chukudu inasimama mwishoni kwa sababu magurudumu yanasuguana na udongo, breki inashika, na upepo unarudisha nyuma. Kule Mwezi unapita hakuna barabara, hakuna breki, na hewa ni kama hakuna. Njo maana hakuna mutu wala mutambo unaosukuma Mwezi. Mbio zake ni za zamani sana, na hakuna kitu cha kuzimaliza.

Basi swali linageuka. Si tena "nani anasukuma Mwezi?" Swali ni: "nani anaukatisha kona?" Kama hakungekuwa nguvu yoyote, Mwezi ungeenda moja kwa moja na kupotea mbali. Lakini unazunguka, ni kusema kuna nguvu inaupindisha njia kila wakati, sawa vile mikono ya mwenye chukudu. Nguvu hiyo ni uvutano, ile vitabu vya Kifaransa vinaita gravité.

Uvutano unafika wapi?

Kila kitu chenye masi kinavuta kitu kingine. Dunia inavuta avoka, na avoka nayo inavuta Dunia, lakini Dunia ni kubwa sana, haisikii kitu. Kadiri masi inakuwa kubwa, kuvuta kunakuwa kwa nguvu. Kadiri vitu vinaachana mbali, kuvuta kunapunguka, na kunapunguka kwa hesabu kamili: ukienda mbali mara 2, nguvu inapunguka mara 4, ukienda mbali mara 3, inapunguka mara 9, mara 10, inapunguka mara 100. Inapunguka haraka, lakini haifike kwenye mpaka pa kusema: hapa imekwisha.

Newton alianza kufikiri mambo haya angali kijana. Mu 1665 chuo kikuu cha Cambridge kilifungwa juu ya tauni, sawa vile shule za Kongo zilifungwa mu 2020 juu ya Covid. Akarudia kwao kijijini Woolsthorpe, na kule akajiuliza: kama nguvu yenye inaangusha tunda inafika mpaka juu ya muti, na mpaka juu ya mulima, juu ya nini isifike mpaka ku Mwezi? Watu wa zamani walizoea kufikiri kwamba mbingu iko na sheria zake na Dunia iko na zake. Newton aliona sheria ni moja.

Muzinga juu ya mulima

Ili kuonyesha namna kitu kinaweza kuanguka bila kufika chini, Newton alipendekeza mfano wa kuwaza tu. Wazia mulima murefu sana, wenye kupita hewa yote. Karisimbi yenye metre 4 507 haitoshi, hata Ruwenzori yenye metre 5 109 haitoshi. Juu ya mulima huo muna muzinga unaotupa jiwe kando, si juu.

Baruti ikiwa kidogo, jiwe linaenda kidogo na kuanguka karibu. Baruti ikiongezeka, linaanguka mbali zaidi. Mpaka hapo hakuna jambo mupya. Lakini Dunia si sawa meza, ni muviringo. Wakati jiwe linaenda mbali, udongo wenyewe unainama chini yake.

Hesabu ni hii. Kitu chochote chenye kinaanguka karibu na udongo kinashuka metre karibu 5 mu segonde ya kwanza. Na Dunia, kwa muviringo wake, inainama metre karibu 5 kwa kila kilometre 8. Hata Ziwa Kivu linafuata muviringo huo: mustari ulionyooka kabisa ungetoka ku maji ya Goma, kiisha kilometre 8 ungekuwa metre 5 juu ya maji. Njo maana chombo kikienda mbali sana ku ziwa kubwa, sehemu ya chini inapotea ku macho kwanza, ya juu inabaki.

Sasa unganisha hizo hesabu mbili. Jiwe likitupwa kando kwa mbio ya kilometre karibu 8 kwa segonde, mu segonde hiyo linaanguka metre 5, na udongo nao umeinama metre 5. Jiwe limeanguka, lakini halijakaribia udongo. Segonde inayofuata ni vilevile, na inayofuata tena. Linaanguka bila kufika. Lingezunguka Dunia yote, kilometre karibu 40 000, mu dakika 84 hivi, na kurudia nyuma ya muzinga.

Huo njo muzunguko wenye wanasayansi wanaita orbiti. Orbiti si nafasi fulani kule juu yenye uvutano umekwisha. Ni kuanguka kwenye kumepewa mbio za kando za kutosha. Mbio zikipunguka chini ya hapo, jiwe linarudia ku udongo. Zikizidi kidogo, njia inakuwa ndefu sawa yai. Zikifika kilometre 11,2 kwa segonde, jiwe linaaga Dunia na halirudi tena.

Milimetre moja na kitu kila segonde

Newton hakubaki ku mfano. Alipima. Mwezi uko mbali na katikati ya Dunia kilometre 384 400 hivi, ni kusema mara 60 ya umbali wa toka katikati ya Dunia mpaka ku udongo wenye watu wanakanyaga. Kama uvutano unapunguka kwa kanuni ile, basi kule ku Mwezi lazima uwe muzaifu mara 60 × 60, ni kusema mara 3 600. Kitu chenye hapa kinaanguka metre 4,9 mu segonde moja, kule kingeanguka milimetre 1,36 tu.

Na Mwezi wenyewe unasema nini? Unaenda kando kwa mbio ya kilometre karibu 1 kwa segonde. Ukipima namna njia yake inaacha mustari ulionyooka mu segonde moja, unapata milimetre 1 na kitu: hesabu zinakubaliana. Avoka ya ku shamba na Mwezi wa mbinguni vinaangushwa na nguvu moja.

Kwa mbio hiyo Mwezi unamaliza duru moja mu siku 27 na saa karibu 8. Lakini toka mwezi mwandamo mpaka mwezi mwandamo mwingine zinapita siku 29 na nusu, kwa sababu wakati Mwezi unazunguka, Dunia nayo inasonga mbele kuzunguka Jua, na Mwezi unalazimika kufanya siku mbili zaidi ili urudie mahali pamoja mbele ya Jua. Njo maana Waislamu wa Kasongo na wa Maniema yote, wanapoangalia mwezi wa Ramadani, wanahesabu mara siku 29, mara 30.

Si nguvu mbili, ni moja

Hapa njo watu wengi wanapotea. Mutoto akifunga jiwe ku kamba na kulizungusha juu ya kichwa, anasikia kamba inavuta mukono wake. Anasema jiwe linataka kukimbia inje. Lakini akiachilia kamba, jiwe haliruki inje ya duru sawa vile limesukumwa toka katikati. Linaenda mbele, kwa mustari ulionyooka, upande lilikuwa linaelekea wakati ule. Hakuna nguvu ya kulitupa inje. Kulikuwa nguvu moja tu, ya kamba, yenye ilikuwa inalirudisha ndani, na mbio zake zenyewe.

Mwezi ni vilevile, kamba yake ni uvutano. Mambo mawili yanaonyesha hilo wazi:

– Kama uvutano ungezimika leo, Mwezi ungeenda moja kwa moja kwa mbio yake ya kilometre 1 kwa segonde, na miaka ingepita watu hawauoni tena.

– Kama mbio zake zingezimika leo na uvutano ubaki, Mwezi ungeshuka moja kwa moja na kugonga Dunia mu siku karibu 5.

Kinachookoa watu wa Dunia si kwamba uvutano ni muzaifu, wala kwamba kuna nguvu ingine inayoupinga. Ni kwamba Mwezi hausimami.

Sayari na Jua

Uhusiano wa Mwezi na Dunia unarudiliwa kwa ukubwa kati ya Dunia na Jua. Jua liko na masi ya kupita ya Dunia mara 330 000 na kitu. Linavuta sayari zote, ni kusema planeti zote, na kila moja iko na mbio zake za kutosha ili isianguke ndani ya moto. Dunia iko mbali na Jua kilometre milioni 150 hivi, na inaenda kilometre karibu 30 kwa segonde. Kwa mbio hiyo, toka Bukavu mpaka Kinshasa mutu angetumia karibu dakika moja.

Kadiri sayari inakaa karibu na Jua, inavutwa kwa nguvu, na inaomba mbio zaidi:

– Zebaki, ile vitabu vya shule vinaita Mercure: kilometre milioni 58 toka ku Jua, kilometre 47 kwa segonde, mwaka wa siku 88.

– Zuhura, ile inayong'aa sana asubuhi ao mangaribi: milioni 108, kilometre 35 kwa segonde, siku 225.

– Dunia: milioni 150, kilometre 30 kwa segonde, siku 365 na robo.

– Mirihi ao Mars: milioni 228, kilometre 24 kwa segonde, siku 687.

– Mushtarii ao Jupita: milioni 778, kilometre 13 kwa segonde, miaka karibu 12.

– Neptuni, ya mwisho: milioni 4 500, kilometre 5 na kitu kwa segonde, miaka 165.

Mjerumani Johannes Kepler njo alitangulia kuona utaratibu huo, mbele ya Newton. Mu 1609 aliandika kwamba njia za sayari si duru kamili, zinafanana kidogo na yai, na kwamba sayari inaongeza mbio ikikaribia Jua na inapunguza ikiwa mbali. Hata Dunia: mwanzo wa mwezi wa kwanza iko kilometre milioni 147 toka ku Jua, na mwanzo wa mwezi wa saba iko milioni 152. Umbali huo si njo unaoleta kiangazi ao baridi; majira yanatoka ku namna Dunia imeinama.

Kanuni hiyo imeonyesha nguvu yake mara nyingi. Mu 1846, Mufaransa Urbain Le Verrier aliona sayari Uranusi haifuate njia yenye hesabu inaomba. Akasema: lazima kuna sayari ingine inaivuta, na akaonyesha upande wa kuitafuta. Mu Berlin wakaelekeza lunete upande ule, na usiku uleule wakaikuta Neptuni. Sayari ilipatikana ku karatasi mbele ya kupatikana mu anga.

Miezi ya sayari zingine inatii vilevile. Mu mwezi wa kwanza 1610, Muitaliano Galileo Galilei aliona miezi 4 ikizunguka Jupita. Ule wa karibu, Io, unamaliza duru kiisha saa 42 na kitu. Ule wa mbali kati ya hiyo 4, Kalisto, unatumia siku karibu 17. Mwenye kuwa karibu anakimbia, mwenye kuwa mbali anatembea polepole, sawa sayari kwa Jua.

Juu ya nini wanaanga wanaelea

Televizyo inapoonyesha wanaanga ndani ya kituo cha kimataifa cha anga, wanaelea na kalamu zinaelea. Watu wanasema: "Munaona? Kule hakuna uvutano." Lakini kituo hicho kiko kilometre karibu 400 tu juu ya udongo, karibu sawa na mwendo wa toka Goma mpaka Bunia kwa ndege. Pale uvutano ungali karibu 90 kwa 100 ya ule wa chini.

Wanaelea kwa sababu nyumba na wenye nyumba wanaanguka pamoja. Ukiweka jiwe ndani ya bidon tupu na kuangusha bidon toka juu, wakati wote vinashuka jiwe haligandamize chini ya bidon, kwa sababu vinashuka kwa mbio moja. Kituo cha anga ni bidon yenye haifike chini. Kinazunguka Dunia mara karibu 16 kwa siku.

Antene zinazotazama mahali pamoja

Kwenye nyumba nyingi za Beni, Uvira ao Kindu muna antene ya sahani. Fundi akiisha kuielekeza, haisogei tena, na picha inabaki. Namna gani, wakati satelite inazunguka?

Jibu liko ndani ya kanuni ileile ya mbali na karibu. Satelite ya chini inamaliza duru mu dakika 90 hivi. Mwezi, ulio mbali, unatumia siku 27. Kati ya hizo mbili kuna umbali mumoja wenye duru inachukua siku moja kamili: kilometre 35 786 juu ya ekweta. Satelite iliyowekwa pale, ikielekea mashariki, inazunguka pamoja na Dunia, na mutu wa chini anaiona kama imesimama. Haijasimama: inaenda kilometre 3 kwa segonde.

Ekweta hiyo inapita mu Kivu ya Kaskazini, kati ya Butembo na Lubero. Kwa hiyo mustari wa satelite hizo unapita karibu juu ya kichwa ya wakaaji wa eneo lile, toka mashariki mpaka mangaribi. Ulaya antene zinainama kusini. Hapa mafundi wanazielekeza juu, ao upande wa mashariki ao wa mangaribi, kufuatana na satelite yenye mutu anatafuta. Satelite za GPS, zile zinazoambia telefone iko wapi, ziko kilometre karibu 20 200 na zinamaliza duru mu saa karibu 12.

Roketi za Luvua: urefu si orbiti

Kongo nayo iko na ukurasa wake mu habari hii. Mu 1977 na 1978, wakati wa Zaire, kampuni ya Ujerumani ya Mangaribi yenye jina OTRAG ilijaribu roketi juu ya bonde la muto Luvua, mu Shaba, ile leo iligawanyika mu provinsi mbalimbali. Jaribio la mwezi wa sita 1978, mbele ya Rais Mobutu, lilishindwa: roketi iliinuka, ikapinda, ikaanguka mu bonde. Mu 1979 kazi ilisimamishwa.

Hata roketi zenye ziliinuka vizuri zilikuwa ndogo, za majaribio, na hakuna yenye ilifika mu orbiti. Somo lake ni la maana: kuinuka juu si kazi ngumu kupita zote. Kitu chenye kinainuliwa hata kilometre 400 bila mbio za kando kitarudi chini, sawa jiwe lililotupwa juu. Sehemu kubwa ya moto wa roketi inatumiwa kutafuta zile kilometre karibu 8 kwa segonde za kando. Njo maana pia inchi nyingi zinapenda kurushia karibu na ekweta. Dunia yenyewe inazunguka kuelekea mashariki, na mwenye kukaa Butembo, hata akilala, anabebwa kwa mbio ya kilometre karibu 1 670 kwa saa. Roketi inayotoka pale inaanza na mbio hiyo bure.

Goma, mwezi wa tano 2021

Tarehe 22 mwezi wa 5 mwaka 2021, Nyiragongo ilipasuka mangaribi. Lava ilishuka mpaka pembeni ya muji. Kiisha pale udongo ulitetemeka siku nyingi, nyumba zikapasuka ufa, na tarehe 27 serikali ikaamuru sehemu kubwa ya Goma ihame. Watu walikimbilia Sake, Rutshuru, Bukavu na Rwanda. Swali lilikuwa moja: moto wa chini umefika wapi?

Vipimo vya chini, vya matetemeko na vya GPS, vilitoa sehemu ya jibu. Sehemu ingine ilitoka juu. Satelite za rada, kati yazo Sentinel-1 za Ulaya, zilipiga picha za udongo. Zinazunguka kilometre karibu 700 juu, duru moja mu dakika 98 hivi, zikipita karibu juu ya ncha mbili za Dunia. Kiisha siku zinazojulikana, satelite inarudia njia ileile. Wanasayansi wanalinganisha picha ya mbele na ya nyuma, na wanaona udongo umesogea santimetre ngapi. Picha hizo zilionyesha magma imepenya chini ya muji wa Goma mpaka chini ya Ziwa Kivu.

Lazima kusema ukweli wote: satelite hizo hazikutabiri mupasuko. Volkano ilipasuka bila kutoa ishara za kutosha mbele. Lakini kipimo cha santimetre toka umbali wa kilometre 700 kinawezekana kwa sababu moja: njia ya satelite inajulikana vizuri sana. Na inajulikana kwa sababu inaanguka kwa kanuni ileile ya Mwezi.

Na siku moja, Mwezi hautaanguka?

Satelite za chini zinaanguka kweli mwishoni. Mu kilometre 400 kungali hewa kidogo sana, na hewa hiyo, siku kwa siku, inapunguza mbio. Kituo cha anga kinasukumwa mara kwa mara na mitambo yake ili kibaki. Satelite iliyokufa, yenye hakuna wa kuisukuma, inashuka na kwa kawaida inaungua ikiingia mu hewa nzito. Hata mustari wa taa ndogo zinazofuatana usiku, wenye unaogopeshaka watu, mara nyingi ni satelite mupya za intaneti zimerushwa pamoja na hazijaachana bado. Si nyota zinazoanguka, wala si alama ya vita.

Mwezi uko mbali sana na hewa hiyo. Haukaribie, unaenda mbali. Mu 1969 wanaanga wa Apollo 11 waliacha kule kioo cha kurudisha mwangaza wa lazeri, na vipimo vya toka wakati ule vinaonyesha unaachana na Dunia santimetre 3,8 kila mwaka. Sababu ni kujaa na kupwa kwa bahari, kule wakaaji wa Muanda wanakoona Atlantike inapanda na kushuka. Mwezi unavuta maji, maji yanarudishia Mwezi nguvu kidogo, na Dunia inapunguza mzunguko wake polepole sana.

Basi mutoto akiuliza tena mangaribi, jibu linaweza kuwa fupi. Mwezi unaanguka, mwana, tangu zamani. Lakini kila segonde unaanguka milimetre moja na kitu, na mu segonde hiyohiyo unaenda kando kilometre moja. Kwa hiyo kila mara unatukosa.